Mcheza Kwao na Gharama ya Kutunzwa: Mwili wa Kijana kama Mali ya Umma katika Tamthilia ya Runinga Friday Night Lights

Tamthilia ya runinga Friday Night Lights ilianza kuoneshwa na kituo cha NBC nchini Marekani tarehe 3 Oktoba 2006, na ikafikia tamati mwaka 2011 baada ya misimu mitano yenye jumla ya vipindi 76. Chimbuko lake ni kitabu cha mwandishi wa habari H. G. Bissinger kilichochapishwa mwaka 1990, ambacho kilisimulia msimu wa 1988 wa timu ya Shule ya Sekondari ya Permian katika mji wa Odessa, magharibi mwa jimbo la Texas. Kitabu hicho kilitengenezewa filamu mwaka 2004 chini ya uongozaji wa Peter Berg, na Berg huyohuyo ndiye aliyeasisi toleo la runinga kabla ya usimamizi wa uandishi kushikwa na Jason Katims. Kazi hizi tatu hutajwa mara nyingi kana kwamba ni kazi moja iliyobadilishiwa vyombo. Uhakiki huu haukubaliani na mtazamo huo. Odessa ni mji halisi, wenye watu waliosoma habari zao kitabuni na kumkasirikia mwandishi; Dillon, mji wa tamthilia, ni wa kubuni na hauwezi kumkasirikia mtu. Tofauti hiyo iliwapa watunzi uhuru wa kuupenda mji wao. Swali linalochunguzwa hapa ni iwapo upendo huo uliwawezesha kuona zaidi au uliwafanya waone pungufu.

Ni vyema kueleza kwanza mchezo wenyewe, kwa kuwa neno mpira humpeleka msomaji wa Kiswahili moja kwa moja kwenye soka. Mpira wa Kimarekani huchezwa na wachezaji kumi na mmoja kila upande, kwa mpira wenye umbo la yai, na shabaha yake ni kuteka ardhi ya mpinzani hatua kwa hatua. Mchezaji muhimu kuliko wote ni kiongozi wa mashambulizi, ambaye hupokea mpira na kuamua, ndani ya sekunde chache, aurushe, aukabidhi au akimbie nao. Kukamatana na kuangushana si kosa katika mchezo huu, bali ndiyo njia yake. Kwa desturi, shule za sekondari hucheza Ijumaa usiku, vyuo vikuu Jumamosi, na timu za kulipwa Jumapili. Taa za Ijumaa zinazotajwa katika anwani ya tamthilia ni taa za watoto wa shule, walio na umri wa miaka kumi na sita hadi kumi na nane.

Kipindi cha kwanza kinaweka msingi wa kimaadili wa kazi yote. Jason Street, kijana anayeongoza mashambulizi ya Dillon Panthers na ambaye mji mzima unamtarajia aende mbali, anarusha mpira unaonaswa na mpinzani. Anapojitupa kumzuia mpinzani huyo, anaumia uti wa mgongo. Uwanja unanyamaza. Gari la wagonjwa linaingia, linambeba na kuondoka. Kisha mchezo unaendelea. Matt Saracen, mchezaji wa akiba ambaye hakuna aliyemtegemea, anaingia akitetemeka, na timu inashinda katika sekunde za mwisho huku umati ukilipuka kwa shangwe. Tamthilia inachanganya picha za shangwe hiyo na picha za chumba cha upasuaji, huku sauti ya kocha Eric Taylor ikisikika katika maneno yenye sura ya sala juu ya udhaifu wa maisha ya mwanadamu.

Wahakiki wengi wamelisifu tukio hili kwa nguvu yake ya kihisia, na sifa hiyo ni ya haki. Jambo lisilozingatiwa vya kutosha ni kwamba hakuna mhusika hata mmoja anayeuliza kwa nini mchezo haukusimamishwa. Swali hilo halimo katika mawazo ya mji, na katika kipindi hicho halimo katika mawazo ya tamthilia pia. Mtazamaji naye, akiwa ameshikwa na mbio za dakika za mwisho, anajikuta akitaka Matt ashinde. Hapa hadhira ya runinga inaketishwa katika viti vilevile vya mashabiki wa Dillon. Kiswahili kina neno moja, mchezo, kwa kinachochezwa uwanjani na kinachoigizwa jukwaani, na katika kipindi hiki maana hizo mbili hazitengani: anayetazama maigizo anafurahia kitu kilekile kilichomvunja Jason Street, na kwa sababu ileile.

Umiliki wa mji juu ya miili ya vijana unajengwa kwa mambo madogo zaidi kuliko makubwa. Vibao vyenye majina ya wachezaji vimesimikwa mbele ya nyumba zao. Sauti ya mtangazaji wa redio inawajadili vijana hawa asubuhi na jioni, kama wakulima wanavyojadili mvua. Buddy Garrity, muuza magari na kinara wa wafadhili wa timu, anaingia ofisini kwa kocha bila kubisha hodi, naye anafanya hivyo kwa mapenzi ya kweli, maana ujana wake mwenyewe ulikuwa katika jezi hiyo hiyo. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Dillon inautimiza usemi huo kikamilifu, kwani inawatunza wachezaji wake kwa vyakula, vinywaji, sifa na msamaha wa makosa madarasani. Usichokisema usemi huo ni nini humpata mcheza kwao siku mguu unapokataa. Jason anapotoka hospitalini katika kiti cha magurudumu, hakuna anayemchukia. Mji unamhurumia, na huruma hiyo inamwondoa katika hesabu ya mji. Wazazi wake wanapofungua madai ya fidia kwa ajili ya gharama za matibabu, madai hayo yanamgusa kocha aliyempenda kama mwanawe, na kwa mara ya kwanza mwili wa kijana unatajwa kwa thamani ya fedha. Sehemu hii ya msimu wa kwanza ni miongoni mwa zenye ujasiri mkubwa katika tamthilia nzima, kwa kuwa haimpi mtazamaji mtu mbaya wa kumlaumu.

Brian Williams, anayeitwa Smash, analielewa soko hilo vizuri kuliko wote. Yeye ni kijana mweusi, mwana wa mama mjane, na mwili wake ndiyo rasilimali pekee ya familia inayoweza kuwapeleka mbali na Dillon. Anapotumia dawa za kuongeza misuli, anazinunua kwa fedha alizochangiwa na waumini wa kanisa la mama yake, waliodhani wanamlipia masomo ya kujiandaa na mtihani wa kuingia chuo kikuu. Kejeli hii ni nzito. Jamii ya weusi inachanga kwa ajili ya akili ya kijana wake, naye anaubadilisha mchango huo kuwa misuli, kwa sababu amekwisha kusoma soko na kujua linanunua nini.

Kifani, tamthilia hii inajulikana kwa uhalisia wa kamera ya mkononi. Upigaji picha ulifanyika Austin na maeneo ya jirani huko Texas. Kamera tatu zilitumika kwa wakati mmoja, waigizaji hawakupangiwa pa kusimama, na waliruhusiwa kubuni maneno papo kwa papo. Matokeo yake ni mazungumzo yanayokatizana, sentensi zisizokamilika na nyuso zinazoonekana nusu nyuma ya mlango wa jokofu. Mbinu hii inafanikiwa zaidi katika mandhari ya jikoni mwa Eric na Tami Taylor, ambapo ndoa inaoneshwa kama kazi ya kila siku ya watu wawili wanaopendana na kupingana ndani ya dakika moja. Ni nadra katika runinga ya Marekani kukutana na ndoa ambayo haitegemei usaliti ili ipate mgogoro. Hata hivyo, kamera hiyohiyo ikienda uwanjani hubadilika tabia. Mwendo hupunguzwa, magitaa hupanda taratibu, na mvua hugeuka lulu chini ya taa. Kwa maneno mengine, uhalisia unatawala siku sita za juma, na siku ya saba unatawala utenzi wa kishujaa. Tamthilia inaukosoa mji kwa kuigeuza Ijumaa kuwa ibada, lakini yenyewe ndiyo inayowasha ubani.

Msimu wa pili unadhihirisha kwa njia ya kinyume siri ya mafanikio ya wa kwanza. Landry Clarke, kijana mpole na mcheshi, anamuua mtu aliyemshambulia rafiki yake Tyra Collette, na wawili hao wanautupa mwili mtoni. Tukio hilo lililaumiwa sana, na lawama ilistahili, ingawa si kwa sababu kifo ni kitu kigeni katika kazi ya namna hii. Hatari za Dillon siku zote zilikuwa za kawaida: goti, karo, bibi anayesahau, baba aliye vitani. Uhalifu wa kusisimua ulileta hatari ya aina nyingine, ambayo mji haukuwa chanzo chake na kwa hiyo haikuweza kuusema mji. Msimu huo ulikatizwa baada ya vipindi 15 kutokana na mgomo wa waandishi wa filamu na runinga wa 2007 hadi 2008, na nyuzi kadhaa ziliachwa zikining'inia. Mmoja wa walioachwa ni Santiago Herrera, kijana aliyetoka kizuizini na kuhifadhiwa na Buddy Garrity, ambaye anatoweka bila hata neno moja la kumuaga. Katika jimbo ambalo watu wenye asili ya Mexico ni sehemu kubwa ya wakazi wake, kutoweka kwa karibu mchezaji pekee wa asili hiyo aliyepewa nyumba na historia si ajali ya ratiba tu. Tamthilia inayosifiwa kwa kuuona mji mdogo wa Texas ilikuwa na upofu hapo, na misimu iliyofuata haikuuponya.

Kinyume chake ni kipindi cha msimu wa nne kinachoitwa "The Son". Matt Saracen, ambaye sasa amemaliza shule na amebaki mjini kumtunza bibi yake, anapokea habari kwamba baba yake ameuawa Iraq. Hakumpenda baba huyo, na hakuna anayemruhusu kulisema hilo. Anadai jeneza lifunguliwe, anaona kilichobakia, kisha anaketi kwenye chakula cha jioni cha familia ya Taylor na kuvunjika mbele ya sahani. Kaburini anachukua koleo na kuanza kufukia mwenyewe. Kipindi hiki hakina mchezo wa maana, lakini kinakamilisha hoja iliyoanza na Jason Street. Mji unaoshangilia miili ya vijana wake siku ya Ijumaa ndio unaoitoa pia kwa taifa, na unatumia msamiati uleule wa kujitolea, nidhamu na fahari. Tamthilia haiutamki mlingano huo. Inamwacha Matt na koleo.

Msimu huohuo wa nne ndio unaolazimisha usomaji mpya wa yote yaliyotangulia. Mwishoni mwa msimu wa tatu Eric anafukuzwa kazi ya kuwafundisha Panthers kwa hila za Joe McCoy, baba tajiri ambaye mwanawe ndiye kiongozi mpya wa mashambulizi, naye anapelekwa kufufua timu ya shule ya upande wa pili wa mji, East Dillon. Ghafla mtazamaji anaambiwa kwamba Dillon ina upande wa pili. Kuna mitaa ya weusi na maskini, kuna uwanja uliokauka, na kuna mzee wa mtaani, Virgil Merriweather, aliyekuwa nyota wa East Dillon zamani na ambaye sasa hataki hata kusikia habari za mpira. Kwa misimu mitatu kamera iliyosifiwa kwa kuona kila kitu haikuwahi kuvuka reli. Uhakiki wa haki unapaswa kuyasema mambo yote mawili: tamthilia ilijisahihisha, na kujisahihisha huko ni ushahidi dhidi yake.

Historia ya Odessa inaangaza jambo hili. Mwaka 1982 Shule ya Sekondari ya Ector, iliyohudumia hasa wanafunzi weusi na wenye asili ya Mexico, ilifungwa katika utekelezaji wa amri ya mahakama ya kuondoa utengano wa rangi, na wanafunzi wake wakagawanywa kwa shule nyingine. Bissinger alitambua kwamba ramani ya usajili wa wanafunzi katika mji wa mpira ni pia ramani ya kugawana vipaji. Tamthilia inaurejesha utambuzi huo katika suala la Luke Cafferty, mchezaji hodari wa Panthers ambaye anuani yake imeghushiwa ili aonekane mkazi wa upande wa magharibi. Tami Taylor, aliyekuwa mkuu wa shule ya Dillon, anaigundua hila hiyo na kumhamishia anakostahili. Kuanzia siku hiyo wafadhili wanasubiri kosa lake.

Mchezo wa kwanza wa East Dillon Lions unastahili kutazamwa bega kwa bega na ule wa kipindi cha kwanza. Vijana wasio na mazoezi wanapigwa vibaya. Ifikapo mapumziko chumba cha kubadilishia nguo kimejaa damu, mifupa iliyoteguka na vichwa vinavyozunguka. Eric anawatazama mmoja mmoja, anarudi uwanjani, na kumwambia mwamuzi kwamba timu yake haitaendelea. Swali ambalo halikuulizwa usiku wa Jason Street linajibiwa, miaka mitatu baadaye, bila kuulizwa. Thamani ya tukio hili inaongezwa na matokeo yake, kwani wachezaji hawamshukuru. Wanamwona kuwa amewavua heshima, kwa sababu nao wamelelewa na mji uleule na wamefundishwa kwamba mwili uliovunjika una heshima kuliko mwili uliojitoa. Hapa tamthilia inakwepa mtego wa kumfanya kocha kuwa mwenye hekima anayeeleweka papo hapo.

Mtego huo inauangukia kwingine. Vince Howard, kijana mweusi anayeletwa uwanjani na polisi kama mbadala wa kizuizi cha watoto, ni mhusika aliyechorwa kwa uangalifu mkubwa, na uigizaji wa Michael B. Jordan unampa kimya kinachosema zaidi ya maneno. Katika msimu wa tano baba yake, Ornette, anatoka gerezani na kutaka kumwongoza mwanawe katika mazungumzo na vyuo vinavyomtaka. Simulizi inamweka Ornette dhidi ya Eric kama baba mbaya dhidi ya baba mwema. Yafaa kumlinganisha na Joe McCoy. Wote wawili wanamtumia mtoto kama mtaji. Joe anampiga mwanawe hadharani kwenye maegesho ya magari, na sheria inamlazimu Tami, kwa kuwa ni mwalimu, kutoa taarifa kwa mamlaka ya ulinzi wa watoto. Hata hivyo Joe ana fedha, anapewa timu, na uovu wake unasomwa kama tabia ya mtu mmoja. Uovu wa Ornette unasomwa kama asili ya mahali Vince anakotoka. Aidha, Ornette anachokitaka, yaani familia ipate chochote kutokana na mwili ambao vyuo vitautumia kwa faida kubwa, si upuuzi. Smash alilijua hilo katika msimu wa kwanza, na tamthilia ilimsikiliza. Katika msimu wa tano hoja hiyohiyo inawekwa kinywani mwa mhalifu ili isisikilizwe. Hili ni pungufu kubwa kuliko mauaji ya msimu wa pili, kwa kuwa halionekani kwa urahisi.

Mhusika anayebeba uzito wa kimaadili wa kazi hii si Eric bali Tami. Katika msimu wa tatu anajaribu kuzielekeza fedha zilizochangwa kwa ajili ya skrini kubwa ya uwanjani zinunue mahitaji ya madarasa, na anashindwa. Katika msimu wa nne Becky Sproles, binti mjamzito wa shule ya pili, anamwendea kwa ushauri. Tami anamweleza njia zote zilizopo na kumhimiza azungumze na mzazi wake. Becky anaamua kutoa mimba. Mji unamgeukia mkuu wa shule. Anatakiwa kusoma tamko la kuomba radhi lililoandikwa na wengine, anakataa kulisoma, na anaomba apelekwe East Dillon kuwa mshauri wa wanafunzi. Ikumbukwe kwamba katika Dillon mwili wa mvulana ni mali ya mji siku ya Ijumaa, lakini mwili wa msichana unadaiwa siku zote saba. Mtu anayethubutu kumwambia msichana kwamba uamuzi ni wake analipa kwa cheo chake, na hakuna umati wa kumshangilia.

Kwa hiyo kipindi cha mwisho hakimalizii uwanjani, ingawa kinapita huko. East Dillon wanacheza fainali ya jimbo, Vince anarusha mpira mrefu wa dakika ya mwisho, mpira uko hewani, nyuso zote zimeinuliwa, na kabla haujashuka hadithi imekwisha kuhamia Philadelphia, miezi kadhaa mbele. Wakati huo uongozi wa shule umeifuta timu ya East Dillon ili kubana matumizi, na Vince anaonekana katika jezi ya Panthers. Eric alikuwa ameahidiwa kuifundisha timu hiyo iliyounganishwa. Tami naye alikuwa amepewa kazi ya mkuu wa udahili katika chuo kimoja huko Philadelphia, na alimkumbusha mumewe kwamba miaka yote ya ndoa yao walihama na kukaa kwa ajili ya kazi yake yeye. Eric alikuwa amechelewa mno kulisikia hilo, lakini alilisikia.

Huko Philadelphia anaonekana na kundi jipya la vijana katika uwanja mdogo. Anawatamkia kaulimbiu iliyokuwa ikiitikiwa na Dillon nzima kwa sauti moja. Vijana wanamtazama tu. Hawajui wanachotakiwa kujibu. Eric anatabasamu, anaahidi kwamba watashughulikia hilo baadaye, na Tami anakuja kumchukua. Wanatembea kuondoka, na nyuma yao taa za uwanja zinazimwa.